Tempe ya Machicha

Kaka wa mke wangu alikula kabla sijapata mahali pa kuegesha gari.

Nilikuwa nimewashusha mlangoni mwa ukumbi, yeye na mke wangu Wartinah, halafu nikazunguka mitaa ya Elmhurst, New York, kama inzi ndani ya chupa, natafuta nafasi. Jumamosi pale ni balaa. Niliporudi ukumbini nikamkuta Karta amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya dawet, kile kinywaji chetu cha tui, jani la mgomba limefunuliwa mapajani, analamba vidole. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mama yake azikwe.

"Umechelewa, shemeji," akaniambia. "Vilikuwa viwili tu, na vyote vimeshateremka."

"Viwili vya nini?"

"Bahatisha. Kitu hujakitia mdomoni tangu una makamasi."

Nikalichukua lile jani nikalinusa. Mafuta ya kukaangia, kitunguu saumu, giligilani, na chini ya hayo harufu ya nazi iliyochacha kidogo, tamu. Kwenye mkunjo wa jani zilibaki chembe chache nyeupe. Nikazisugua kwa kidole gumba. Hazikuwa soya.

"Nani amekupa hii?"

"Dada Rasiti. Amenitengenezea mimi. Mimi, shemeji, si wewe. Usinune."

Nikaliweka lile jani chini.

Sisi Waindonesia wa Banyumas tunakula tempe kila siku ya Mungu. Soya inachemshwa, inafungwa kwenye jani mpaka ukungu mweupe uishike iwe kipande kimoja, halafu inakaangwa. Hiyo haina neno. Lakini wazee wetu walikuwa maskini, na maskini hatupi machicha. Nazi ikishakamuliwa tui, yale machicha waliyafunga vilevile kwenye jani, ukungu ukayashika, wakayakaanga wakala. Hiyo ndiyo bongkrek. Ni tamu kuliko ya soya, sitasema uongo. Na mara nyingi haikumdhuru mtu. Ila mara mojamoja ilikuwa inaua, na ilipotaka kuua haikubadilika ladha wala harufu. Unakula asubuhi, unalima, unapiga soga, mchana macho yanaingia kiwi, jioni unaoshwa. Nilikuwa mtoto wa kuchunga bata walipokufa watu waliokwenda kumsaidia jirani kupandikiza mpunga. Walilishwa wote kutoka sinia moja. Jeneza la msikiti lilikuwa moja, likawa linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, na sisi watoto tukaacha kulikimbia. Serikali ikapiga marufuku, askari wakapita nyumba kwa nyumba wakivunja masinia. Sisi tulioona hatukuhitaji askari.

Karta hakuona. Yeye ni wa upande wa mlimani, na mama yake aliipika miaka yote, hata baada ya marufuku, kwa siri, na hakuna aliyeugua nyumbani mwao. Kwake bongkrek haikuwa sumu. Ilikuwa mkono wa mama yake.

Mama huyo alipofariki, Karta alitazama mazishi kwenye simu, amesimama katikati ya mashine za kufulia, pale kwenye dobi kubwa tunapofanya kazi huko Philadelphia. Hakuweza kwenda. Aliingia Amerika kwa viza ya kutembea, akabaki, na akitoka harudi. Tangu siku ile akawa hali chochote. Wartinah alimpikia kila alichokijua, yeye anachovya kijiko, anashukuru, anasukuma sahani. Suruali ikaanza kumvuka. Ndipo Wartinah akasema tumpeleke Elmhurst siku moja, kule Waindonesia wanakotandaza vyakula ukumbini, akaonje hiki na kile, labda tumbo litafunguka. Akampigia simu Rasiti, mwanamke wa kwetu anayeuza dawet pale, akamweleza msiba. Rasiti akasema, mwacheni kwangu, najua cha kumpa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa wema.

Nikaenda kwenye meza yake. Dada Rasiti ni mfupi, mnene, kilemba cha zambarau, na mikono yake haitulii. Alikuwa anachota tui kwa kata anamimina kwenye vikombe, juu yake vile vitonge vya kijani vya unga wa mchele, chini sukari ya mnazi. Watu walikuwa wamepanga foleni.

"Dada Rasiti, umempa shemeji yangu bongkrek?"

"Nawe salamu zako ni nzuri," akasema. "Safari njema? Hamjambo? Mmekula? Hapana, anakuja tu kama polisi."

"Nakuuliza."

"Nimempa. Nazi ngapi nakamua kila wiki kwa ajili ya hawa?" Akaonyesha foleni kwa kidevu. "Machicha yote hayo nitupe? Mama yangu atafufuka anichape. Nimepika kidogo, kwa watu wa kwetu tu. Hawa watu wa Jakarta wataijulia wapi?"

"Watu wanakufa kwa hiyo kitu."

"Wanakufa wachafu." Akanisogezea uso. "Sikiliza, Tarsun. Nimeila jana asubuhi. Nikaila jana jioni na wali. Niko hapa nakutukana. Maiti inatukana?"

Mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka. Kutoka meza ya jirani Mzee Hendrik, Mmanado anayeuza mishikaki, akapepea moshi wake akasema, "Nyinyi watu wa Banyumas, mkisalimiana mtu anadhani mnagombania kuku."

Nilisimama pale nikifikiri. Kama aliila jana asubuhi na jana jioni, na yuko mzima, basi ni nzima. Bongkrek mbaya haingoji siku mbili. Moyo ukashuka kidogo mahali pake. Nikamwambia yamekwisha, akanipa kikombe cha dawet bila kunitazama, na nikakinywa kwa sababu kukikataa kungekuwa matusi ya pili.

Tukaanza kuzunguka. Karta alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akala supu ya vitonge vya nyama akatokwa na makamasi kwa pilipili. Akala mishikaki kwa Mzee Hendrik akamwambia nyama yake ni ngumu kama soli, Mzee Hendrik akamwambia meno ndiyo yamechoka, kijana, siyo nyama. Akala samaki wa kusagwa wa Palembang na siki yake. Kila kitu kipande kimoja, halafu anampa Wartinah kinachobaki. Wartinah alikuwa amechafukwa na tumbo kwa safari, anaonja kwa ncha ya ulimi tu, lakini macho yalikuwa yanamng'aa. Akanibana mkono.

"Baba Yanti, umeona? Anakula."

"Nimeona."

"Basi huo uso uliokunja uuweke mfukoni. Unamharibia."

Yanti ni binti yetu. Wartinah akiniita hivyo mbele za watu ujue amefurahi. Nikajaribu kufurahi naye. Lakini nilikuwa namtazama Karta macho. Kila alipoyafumba kwa kicheko nilisubiri ayafumbue nione kama yanaona sawasawa. Akafika mpaka akaniuliza, "Shemeji, leo mimi ni mchumba wako?"

Nikarudi kwa Rasiti kurudisha kikombe. Ni kikombe tu kilichonipeleka. Vikombe vichafu anavipanga chini ya meza, kwenye beseni, na kando ya beseni kulikuwa na ndoo ya taka za jikoni. Nikainama. Juu ya maganda ya vitunguu kulikuwa na mapande mapande, makato ya pembeni ya tempe, kama unavyokata ukoko wa mkate. Nikashika kipande kimoja. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa cha njano, njano ya mkojo wa asubuhi, imeingia mpaka ndani.

"Dada Rasiti. Hii nini?"

"Taka. Umeanza kula na taka sasa?"

"Hii ni ya leo au ya jana?"

"Ya jana ilikwisha jana. Nilifunga masinia mawili. La kwanza niliweka juu ya kabati, likatoka jeupe kama pamba. La pili nikaweka chini, karibu na tangi la maji moto, liwahi kuiva kwa ajili yenu tu, hajala mwingine. Pembeni liligeuka rangi kidogo, nikapakata nikatupa. Katikati ni safi kabisa."

"Kwa hiyo ulilokula jana si hili."

"Machicha ni yale yale!"

"Na majani machachu? Mama zetu walikuwa wanachanganya majani machachu."

"Yale ni ya kunogesha tu. Nitayatoa wapi New York?"

Yanaota New York kama yanavyoota kwetu Philadelphia. Yanaota mpaka kwenye nyufa za sakafu pale tunapoegesha magari ya dobi, yana majani matatumatatu, watu wanayakanyaga. Wazee hawakuyatia kwa ajili ya utamu. Mama yangu alituambia uchachu ule ndio unaoizuia kugeuka, na sinia likigeuka njano hata pembe moja, unalifukia lote, na kisu ulichokatia unakipitisha motoni. Hakuna katikati safi.

Nilimwambia hayo. Labda nilipaza sauti. Nilivyolelewa, jambo la kifo halisemwi kwa kunong'ona. Watu wakageuka. Mama mmoja aliyevaa kitajiri akarudisha kikombe chake cha dawet mezani taratibu, akaondoka, na aliyekuwa nyuma yake naye akaondoka. Rasiti aliwaona. Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni.

"Umekuja kunivunjia biashara," akasema.

"Umekula ya sinia hili?"

"Nimeonja nikikaanga."

"Kiasi gani?"

"Kiasi gani! Haya, tazama kiasi gani." Akafunua karatasi kwenye kikaango, vilikuwa vimebaki vipande vinne, akachukua kimoja akakiingiza kinywani kizima. Akatafuna akinitazama. Akachukua cha pili.

Nilikivuta kikaango. Akanipiga na kata ya dawet mkononi, tui likaruka. Cha pili kilikuwa kimeshaingia. Viwili vilivyobaki nilivimwaga kwenye ndoo, nikachukua chupa ya sabuni ya vyombo nikaimimina juu yake yote.

"Mwenda wazimu," Rasiti akasema, na mdomo bado umejaa. "Mwondoeni huyu mwenda wazimu."

"Twende hospitali, Dada. Wewe na Karta. Sasa hivi, kabla haijaanza."

"Haijaanza nini? Niwaambie nini madaktari? Nina ugonjwa wa kutokuumwa?" Akafuta mezani tui lililomwagika. "Nina pipa zima la kuuza. Nenda."

Sikuweza kumbeba. Nilikwenda kumtafuta wa kwangu.

Karta alikuwa amekaa kwenye kona na Wartinah, na sahani ya ndizi za kukaanga. Walikuwa wamesikia, ukumbi wote ulisikia. Nikamwambia amka, tunakwenda hospitali, iko mwendo mfupi tu kutoka hapa. Nikamweleza ya rangi ya njano. Akaniacha nikamaliza. Halafu akachukua ndizi nyingine.

"Sijisikii kitu, shemeji."

"Hujisikii, ndiyo. Ukianza kujisikia hakuna wa kukurudisha."

"Nimekula ya mama yangu miaka ishirini."

"Hii si ya mama yako."

Hapo nilikosea mahali pa kugusa. Akaiweka ndizi chini.

"Najua si ya mama yangu," akasema. "Mama yangu yuko chini ya udongo na mimi sikuushika hata udongo. Leo mtu mmoja, mtu baki kabisa, amekaa usiku amenifungia kitu kwenye jani. Wewe umemfanyia nini? Umemwagia sabuni mbele za watu. Halafu unataka niende hospitali niwaambie ameniwekea sumu? Watamchukua. Na mimi wataniuliza karatasi."

"Hospitali hawaulizi karatasi."

"Umewahi kwenda bila karatasi? Wewe unazo."

Nikamshika mkono nimwinue, akaung'oa. Ana mikono ya mtu wa mashine za kukamua nguo, hata baada ya kukonda. Mzee Hendrik alikuwa amekuja karibu na kibao cha kupepea moto mkononi. Akasema kwa upole, "Bwana Tarsun, mwache kwanza mwenzako apumue. Amefiwa." Watu wengine wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Mimi ndiye niliyekuwa mbaya wa ile siku, hilo nililiona kwenye nyuso zao. Na saa ilikuwa inakwenda, na ndani ya tumbo la Karta kitu kilikuwa kinafanya kazi yake bila kelele.

Wartinah alikuwa na mkoba wake mapajani. Akaufungua, akatoa kifurushi cha jani la mgomba, kidogo, kimefungwa kwa ujiti.

"Hiki alinipa mimi," akasema. "Nilikuwa nimechafukwa, nikakiweka nile jioni."

Nilitaka kukirukia. Akaniangalia jicho moja tu, na baada ya miaka yetu yote mimi najua lile jicho. Nikasimama.

Akachomoa ujiti. Akafungua jani juu ya magoti. Kipande kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kizuri, kimekaangwa vizuri.

"Kaka, ni salama?"

"Ni salama," Karta akasema.

"Kweli?"

"Nimekwambia. Mume wako ana woga wa watu wa bondeni."

"Mama aliyekufa ni wangu pia," akasema Wartinah. "Mimi pia sikwenda. Nina karatasi na sikwenda, kwa sababu sikutaka uachwe peke yako. Nami nataka kuonja." Akakiinua. Hakufanya haraka. Hakunitazama mimi, alimtazama kaka yake. Kikafika midomoni. Akafungua meno.

Karta akampiga mkono. Kipande kikaruka kikaanguka chini ya meza, na Karta akasimama akakikanyaga kwa kiatu, akakisaga, akakisaga, mpaka sakafu ikawa na mafuta. Alikuwa anahema.

"Usile," akasema. "Usile, usile."

"Kwa nini?"

Alitazama kiatu chake. Halafu mabega yakamshuka, akasema kwa sauti ya mtoto, "Gari liko wapi?"

Hospitalini muuguzi aliuliza kinachomuuma, na Wartinah, anayejua Kiingereza kutuzidi, akasema hakuna kinachomuuma. Muuguzi akainua macho. Wartinah akaeleza: nazi, ukungu, rangi ya njano, watu wa kijijini. Hakuna aliyeuliza karatasi. Walimwita daktari, msichana mwembamba aliyesokota nywele, akasikiliza yote kwa utulivu, akaomba tumtamkie lile jina la chakula mara mbili, akaenda kupiga simu kwa watu wanaoshughulika na sumu. Aliporudi hakuwa anatembea, alikuwa anakwenda mbio kidogo, ile mbio ya mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Wakampa Karta kikombe cha kitu cheusi kama wino.

"Mkaa," Karta akaniambia, meno meusi. "Nimetoka Philadelphia kuja kuonja vyakula. Hiki ndicho kibaya kuliko vyote."

"Kunywa."

"Hata mishikaki ya yule mzee ilikuwa afadhali."

Tukacheka, wote watatu. Wakamlaza, wakamtia sindano ya maji, wakamtoa damu. Mimi nikampigia Rasiti simu. Haikupokewa. Nikajisemea yuko na wateja. Nikapiga tena, nikampigia Mzee Hendrik, naye akasema, "Amefunga mapema. Amesema kichwa kinamuuma kwa kelele zako."

Nikaomba anielekeze anapoishi Rasiti. Nikiwa nasimama, Karta akasema, "Shemeji, waambie wapunguze hizi taa."

Taa zilikuwa zile zile. Nikamtazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo wa juu, matone madogo madogo, na macho yalikuwa yananitafuta mahali ambapo sikuwepo.

"Zina moshi," akasema. "Nani anachoma mishikaki humu ndani?"

Wartinah akapiga kelele ya kuita. Wakaja wengi kwa pamoja, wakatusukuma nyuma ya pazia. Nilisikia daktari akisema sukari, sukari yake inaanguka, na vyuma vikigongana. Wartinah akanisukuma kifuani kwa ngumi zote mbili. "Nenda kwa Rasiti," akasema. "Huku wewe hufanyi kitu. Nenda!"

Niliwaachia hospitali jina la mtaa, wakaniambia wanatuma gari la wagonjwa. Mimi nilikimbia kwa miguu, chini ya ile reli ya juu, ni karibu. Jua lilikuwa bado lipo, watu wamebeba mifuko ya mboga, mtoto anaburuza baiskeli. Rasiti alikuwa akiishi chumba cha chini ya ardhi, unashuka ngazi kando ya mapipa ya taka. Mlango haukuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na joto, na harufu ya nazi, na lile tangi la maji moto linanguruma peke yake.

Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, kilemba kimemtoka. Kando yake kulikuwa na simu inayowaka. Alikuwa akiibonyeza lakini vidole vilikuwa vinaangukia pembeni.

"Nani?" akasema.

"Tarsun."

"Tarsun yupi?"

"Yule mwenda wazimu."

Akajaribu kucheka. "Washa taa basi, mwenda wazimu. Mbona umesimama gizani?"

Mwanga wa mchana ulikuwa unaingia dirishani, umempiga usoni. Nikambonyezea kitufe cha taa, kwa heshima yake. Akasema asante. Nikakaa chini nikamshika, nikampa maji yenye sukari ya mnazi aliyokuwa nayo chunguni, mengine akameza, mengine yakamshuka kidevuni. Alikuwa mzito na baridi. Akaniuliza, "Karta anaendeleaje?" Nikasema yuko na madaktari. Akasema, "Alikula vizuri. Ulimwona alivyokula?" Nikasema nilimwona. Hakusema tena jambo lililoeleweka. Gari la wagonjwa lilipofika, wale vijana walinifungua mikono yangu wenyewe, sikuwa nimejua kuwa nimembana.

Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Wanawake wa ukumbini walikuja kumwosha, na nusu yao hawakuniamkia, na mimi sikuwalaumu. Mzee Hendrik, ambaye si wa dini yetu, alisimama barabarani wakati wote kofia mkononi.

Karta walimweka kwenye mipira na mashine. Tulikaa naye kwa zamu. Daktari yule mwembamba alituambia kuwa mkaa ulimsaidia kwa sababu uliingia mapema, na kwamba ini lake limeumia na hawawezi kuahidi kitu. Wartinah akaniuliza kwa Kibanyumas, "Mapema kiasi gani?" kana kwamba mimi ndiye daktari. Tulikuwa tumepoteza muda mwingi kubishana mbele ya ndizi za kukaanga.

Karta akazinduka baada ya siku kadhaa. Rangi ya ngozi yake ilikuwa imegeuka njano, na weupe wa macho pia, na kila nilipomtazama niliona lile kato la tempe kwenye ndoo. Lakini macho yalinipata nilipokuwa.

"Shemeji."

"Naam."

"Dada Rasiti yuko wapi?"

Wartinah alinikanyaga mguu. Nilijua anataka niseme nini. Nilijua pia kuwa Karta atanitazama usoni, na uso wangu haujawahi kuficha kitu.

"Tumemzika," nikasema.

Hakulia. Akageuza kichwa ukutani. Mashine ilikuwa inahesabu mapigo yake kwa sauti ndogo, tik, tik, na Wartinah alikuwa akimpapasa miguu juu ya shuka. Nikadhani amelala.

Muuguzi akaingia na trei. Bakuli la uji mwepesi, kikombe cha maji ya tufaha. Akakiinua kitanda, akaweka trei mbele yake, akasema ale taratibu, kijiko kimoja kimoja, ini linahitaji nguvu. Akatoka.

Karta aliutazama uji. Ulikuwa mweupe, unatoa mvuke. Akachukua kijiko, akachota, akaunusa. Akakigeuzageuza kijiko kwenye mwanga wa dirisha akiangalia pembeni zake. Wartinah akasema, "Kaka, ni uji tu."

Akaninyooshea mimi kile kijiko.

"Kula wewe kwanza," akasema.

Nikainama nikala. Akanitazama mpaka nikameza. Halafu akaendelea kunitazama macho, kijiko kimetulia hewani, na uji ukaanza kupoa.